Mstari Mmoja wa Bani la Goweko

Siku ya tatu ya msiba wa mama mkubwa Mektilda, Advera alijifungia chumbani, akaweka kompyuta magotini na kuisoma tena sehemu ya programu aliyoiandika mwenyewe. Nje, chini ya turubai, wanaume wa Goweko walizungumza taratibu. Hakuna aliyemlaumu. Mabani ya kukaushia tumbaku huungua; jani kavu likidondoka juu ya bomba la moto, basi.

Tobias, aliyemtangulia kazini Tabora mjini, ndiye aliyeandika klasi mama, sehemu ya programu ambayo sehemu nyingine, klasi watoto, huirithi. Ndani yake kulikuwa na kazi iitwayo "pima": kusoma joto la bani na, likizidi, kumpigia simu mwenye bani. Mabani yote ya udongo yaliirithi kazi hiyo kama ilivyo. Bani la baba mkubwa Kasimiri, mumewe Mektilda, lilikuwa la matofali, lenye vipimajoto viwili, juu na chini. Kwa hiyo Advera akaliandikia klasi mtoto, yenye "pima" yake ya kutafuta wastani wa vipimo hivyo viwili na kuuhifadhi. Alijivunia kazi ile. Lakini majina yakifanana, hutumika kazi ya mtoto. Ya mama hukaa kimya mpaka mtoto aiite. Ni mstari mmoja tu wa kuita, na Advera hakuuandika.

Zamani baba mkubwa hakubanduka banini wiki nzima ya kukausha. Alilala kwenye jamvi karibu na tanuri, akiamka kuugusa ukuta apime joto. Advera ndiye aliyemwambia, "Baba, nenda misani. Joto likizidi, simu itakuita."

Jumapili akaenda. Mama mkubwa alipoona moshi aliingia kuokoa fito zilizotundikwa majani ya tumbaku, na paa likamwangukia.

Sasa Advera aliuandika mstari ule. Akaingiza joto la uongo, nyuzi tisini na tano, ajaribu. Alisahau kwamba namba ya kupigiwa ilikuwa bado ile ile ya baba mkubwa.

Nje simu ikaita.

"Zima simu, Kasimiri," alisema jirani yao Emilian. "Tuko msibani."

Mzee alikuwa ameshabonyeza kupokea. Sauti ya kurekodiwa ikasikika chini ya turubai zima: "Joto limezidi. Punguza moto."

"Bani gani tena?" Emilian aliuliza. "Si limebaki majivu?"

Advera akatoka, akasimama mlangoni. Baba mkubwa alikuwa bado ameishika simu mbele yake.

"Kumbe inaongea," alisema. "Jumapili haikuongea."

"Haikuongea, baba. Kuna kitu nilisahau kuandika. Nimekiandika sasa hivi."

"Kikubwa?"

"Mstari mmoja."

Watu waliinamisha vichwa. Mzee Kasimiri aliiweka simu juu ya kiti, akanyanyuka kwa shida na kutembea polepole mpaka kwenye ukuta uliobaki wa bani. Akauwekea kiganja, kama alivyozoea zamani, akasimama hapo. Advera alimsubiri ageuke. Hakugeuka.