Simu Iliyokuwa Kwenye Kiondo

Sisi watu wa kompyuta tuna ugonjwa mmoja: kitu kikionekana kwenye skrini, tunaapa tumekiona kwa macho. Mimi niliugua ugonjwa huo miaka sita, na aliyeniponya ni mama anayepika chai.

Naitwa Mwiti. Nafanya kazi Meru mjini, makao makuu ya kampuni ya kununua mazao, na kazi yangu ni kulinda mtandao. Kila tawi lina ruta yake, kisanduku kinachokagua kila kinachoingia na kutoka kama askari wa getini, na mimi nazitazama zote nikiwa mezani kwangu ghorofa ya tatu. Naona kila simu na kila kompyuta iliyounganishwa: jina lake, saa iliyoingia, intaneti iliyokula. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu, "Ukikohoa Runyenjes, mimi nasikia nikiwa Meru." Wao walicheka. Mimi nilikuwa naamini.

Mwezi wa Juni tawi la Runyenjes likaanza kulalamika. Mtandao umekuwa mzito, wakulima wanasimama na magunia ya kahawa huku karani akisubiri risiti itoke. Nikafungua orodha ya vifaa. Vilikuwa kumi na saba. Kumi na sita vilikuwa na adabu zake. Cha kumi na saba kilikuwa simu yenye jina la Munyi, na simu hiyo ilikuwa inatazama video kila siku ya kazi, kuanzia saa nne hadi saa tano kasorobo, wiki tano mfululizo bila kukosa hata siku moja.

Munyi alikuwa karani wa mizani, kijana mpole ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Sasa, meneja wa tawi lile, Bwana Marete, ana sheria moja inayojulikana kampuni nzima. Saa mbili asubuhi kila mfanyakazi anatia simu yake kwenye kiondo kilichotundikwa jikoni, na haigusi mpaka saa ya kwenda nyumbani. Hakuna anayezima, simu zinakaa humo zikiwa zimewaka. Sheria hiyo niliijua vizuri. Kwa hiyo nilipoona simu ya Munyi inacheza video saa nne, sikujiuliza ni nani huwa jikoni saa nne. Nilisema, huyu jamaa anaiba simu yake mwenyewe na kujificha nayo chooni.

Dakika arobaini na tano chooni kila siku! Hata mwenye tumbo la kuendesha hakai hivyo. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika, kwa sababu mimi ni mtu wa kukasirika haraka, na hasira yangu hupenda kuandika. Niliandika ripoti ya kurasa mbili. Nikaweka mchoro, na mistari ya Munyi nikaipaka rangi nyekundu. Kisha nikaizuia ile simu isipate mtandao wa ofisi tena. Kupiga simu Runyenjes na kuuliza swali moja tu kungenichukua dakika mbili. Sikupiga.

Bwana Marete alimwita Munyi, akamwonyesha ile mistari myekundu. Munyi akasema, "Ni simu yangu. Nimekosa." Wiki iliyofuata alihamishiwa ghala la Gachoka, kupima ndengu kwenye jua na vumbi, mbali na mkewe. Mimi nilipata barua pepe ya pongezi. Nina aibu kusema kwamba niliichapisha kwenye karatasi.

Septemba radi ikaunguza ruta ya Runyenjes, nikatumwa kuweka nyingine. Sikuwa nimewahi kuona mahali ilipofungwa. Aliyeifunga alikuwa fundi mwingine kabla yangu. Nikapelekwa jikoni. Ruta ilikuwa ukutani, juu ya meza ya vikombe, na chini yake, shubiri mbili tu, palikuwa na msumari. Kwenye msumari kilining'inia kiondo cha simu.

Mama anayepika chai anaitwa Igoki. Alinifutia kiti, akanimiminia chai, akaniwekea vipande viwili vya nduma kwenye sahani. Nikaifunga ruta mpya, nikairudishia mipangilio ya zamani kutoka kwenye kompyuta yangu. Orodha ikajaa taratibu, na mwishoni, kwenye vifaa vilivyozuiwa, jina la Munyi likatokea na alama nyekundu. Mama Igoki alikuwa amesimama nyuma yangu akifuta vikombe.

"Fundi," akasema, "wewe ndiyo wa mtandao?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nikuulize. Ati kuna mtu huko Meru anaonanga simu zetu zote. Unamjua?"

Nikairudisha nduma kwenye sahani. "Kwa nini unauliza, mama?"

Akavuta kibago, akaketi. "Mimi niko na msichana, Ciku. Hasikii tangu azaliwe. Ako Form Four, shule ya viziwi, ya boarding. Huko wamemfunza kuongea na mikono. Mimi hizo mikono sizijui. Akikuja nyumbani tunaonyeshana tu: chakula, maji, ng'ombe, lala. Sasa April alikuja, akawa ananionyesha kitu moja. Asubuhi, jioni, hiyo hiyo. Mimi natingisha tu kichwa, ndiyo, ndiyo. Akaangalia uso yangu, akajua sijaelewa, akalia."

Akasimulia mengine huku akikunja na kukunjua kitambaa. Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haichezi video. Munyi alimkuta jikoni analia, akamtafutia masomo ya lugha ya ishara, arobaini kwa jumla, akamfundisha kufungua simu yake. Kila saa nne, chai ikishaenda ofisini, Mama Igoki alikuwa anaitoa simu kiondoni, anaiegemeza kwenye chupa ya chai na kujifunza. Ile ishara ya Ciku alikuwa ameihifadhi mikononi. Kila siku aliirudia kabla ya somo, asije akaisahau, akiamini siku moja mwalimu wa kwenye video angeifanya.

"Ingine nilikuwa narudia siku mbili. Nilikuwa nimefika ya kumi na tisa," akasema. "Siku ingine nafungua, inazungusha kaduara tu, video haitoki. Inazungusha, inazungusha. Nikafikiri ni mvua. Kumbe huyo mtu ameona. Nilitaka kwenda kwa meneja niseme ni mimi. Munyi akanikataza. Akaniambia, 'Mama, mimi watanihamisha. Wewe watakufukuza.'"

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa hanijui, na gari la kunirudisha Meru lilikuwa nje. Lakini jina la Munyi lilikuwa pale kwenye skrini, jekundu, mbele yetu sote wawili.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Yule mtu wa Meru ni mimi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikitazama kikombe changu, akaona kimeisha, akaniongezea chai. Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze.

Nikafuta ile amri ya kuzuia. Sekunde tatu. Kisha nikatoa simu yangu, nikayatafuta masomo yale, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai alivyokuwa akifanya yeye. "Tuendelee na la ishirini," nikasema, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Somo lilikuwa fupi. Mwalimu alionyesha ishara ya rafiki, ya jirani, ya mgeni. Kisha akainua mikono yote miwili, akaizungusha mbele ya kifua. Mama Igoki alikuwa ameshainua yake. Mikono minne ikazunguka pamoja.

"Ni hiyo," akasema. "Fundi, ni hiyo! Inasema nini hapo chini?"

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Niliyasoma mara mbili kabla ya kumwambia.

"Kumtembelea mtu."

Mikono yake ikashuka mapajani.

"Visiting," akasema polepole. "Mimi visiting zao, zile siku wazazi wanaenda kuona watoto shuleni, sikuwa naenda. Ningeenda kufanya nini? Tukae hapo siku mzima tuangaliane, wasichana wengine wanaongea na mama zao? Nilikuwa natuma chapati na mama wa jirani." Akakikunja kitambaa. "Ya mwisho ilikuwa July. Alikuwa ananiita. August amekuja, hajanionyesha tena hata mara moja. Mikono amefunga tu hivi. Nikafurahi. Nikasema shida imeisha."

Nilikuwa nimemzuia katikati ya Juni. Somo la ishirini lingekuwa la kesho yake.

"Hakuna siku nyingine ya wageni?" nikauliza, ingawa Kenya hii hakuna mzazi asiyejua jibu.

"Third term hakuna. Form Four wako na mtihani. Akitoka November ndiyo amemaliza shule."

Nje mtu alikuwa anaita chai. Mama Igoki hakuinuka. Nilimwambia nimekosa, nikamwambia nitaandika ripoti nyingine ya kumrudisha Munyi, bila kulitaja jina la Mama Igoki, na nikaiandika kweli. Mpaka leo haijajibiwa. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha akaisogeza simu yangu karibu naye.

"Weka ya ishirini na moja," akasema. "Ile ya kuomba msamaha iko ya ngapi? Akirudi November lazima nikuwe naijua."

Sikujua iko ya ngapi. Nikavuta kiti karibu na meza, tukaanza kuitafuta.