Kisima cha Zamani cha Mwalimu Gichovi

Bomba la maji lilipofika pembeni mwa mji wa Embu, Gichovi, mwalimu mstaafu, alikiaga kisima chake bila huzuni. Mji ulikuwa umemkuta shambani, naye akajenga vyumba kumi vya kupangisha. Bomba la maji taka halikuwa limefika, na hata leo halijafika, kwa hiyo fundi Njoka alimshauri achimbe shimo jipya la choo na kulijengea vizuri. Gichovi alimtazama kama mwanafunzi aliyefeli hesabu. Shimo si lipo? Futi sitini, limechimbwa na marehemu baba yake. Wakaelekeza vyoo vyote kisimani, wakafunika kwa zege. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku hiyo Gichovi alijiona ana za kusuka.

Wenye ploti wengine walimsifu, wawili wakamuiga. Mwaka na nusu ukapita. Kisha mifereji ikakauka wiki tatu, na matangi yakaisha. Jirani wa chini ya mteremko alikuwa Lydiah, mjane ambaye hakuwahi kuvuta bomba. Yeye alifungua lango lake, akasema maji hayanyimwi mtu, waje wachote kisimani kwake.

Gichovi alifika asubuhi na mtungi. Lydiah alimpa kiti kwanza, kwa heshima ya mwalimu, akammiminia uji. Kikombe kilikuwa karibu na mdomo alipoutazama ule mteremko. Kutoka ukuta wake hadi hapa hazikuzidi hatua thelathini. Ajabu ni kwamba hakuwahi kulifikiria, mtu mzima na vyeti vyake. Aliogopa, na tuseme ukweli, aibu ilikuwa kubwa kuliko hofu. Angeweza kusingizia tumbo, akaenda zake, akamwambia mkewe achemshe maji. Lydiah alimwuliza kama uji umekosa sukari.

"Mama Regina," Gichovi akamwambia Lydiah, "hii maji usikunywe tena. Choo ya wapangaji wangu inaingia kwa ile kisima yetu ya zamani, hapo juu."

Lydiah alikichukua kikombe, akaumwaga uji kwenye migomba. Hakupandisha sauti. Aliuliza tangu lini. Gichovi akasema tangu Machi ya mwaka jana.

"Aprili nililazwa na homa ya matumbo," Lydiah akasema. "Nikirudi nyumbani, ni wewe uliongoza maombi."

Gichovi alikumbuka. Alikuwa ameomba vizuri sana, mpaka watu wakalia.

Lydiah alikifunika kisima kwa mabati, akabeba kile kiti mwenyewe, akakiweka langoni.

"Kaa hapo. Kila mtu akikuja, mwambie wewe."

Wa kwanza kufika alikuwa Antony, mpangaji wake wa chumba cha tatu, na mitungi miwili mitupu. Alimwamkia mwalimu kwa adabu, akauliza kama maji bado yapo. Gichovi alikuwa amesimama mbele ya watu miaka thelathini na minne, lakini ilimbidi aanze mara mbili.