Mashine Ilisema Tumemaliza

Jumatatu mchana Déborah Niyongabo alikuwa amechutama uani kwake Kilibula, anapepea mbabula, jiko lake la makaa, shangazi yake Félicité alipoingia na sufuria ya maji kichwani. Maji yalikuwa ya moto tayari. Félicité aliitua sufuria juu ya makaa ya Déborah na maji yakachemka papo hapo. Akafungua fundo la kikwembe alichojifunga kiunoni, akatoa unga wa muhogo, akasonga bukari.

"Kule ku hema inakataa," alisema. "Maji inapata moto, inafika karibu, inasimama. Tangu Ijumaa. Si minye peke yangu, ni kambi muzima."

"Labda makaa ni mubaya, shangazi."

"Makaa ni ile ile ulininunulia weye."

Kambi ilikuwa upande wa Kavimvira, na watu wake waliishi chini ya maturubai tangu mto ulipofurika ukabeba nyumba zao. Hawakulifanya jambo hilo kuwa kubwa. Kila mama alijitafutia jirani wa nje ya kambi wa kumalizia mapishi, basi. Padri alipokuja Jumapili, kila sala iliwagomea kwenye amina, akafunga kitabu chake na kuwatakia siku njema. Mzee Protais alianza kupiga chafya Ijumaa jioni na bado alikuwa anaikaribia, kichwa nyuma, kitambaa mkononi. Watoto walikwishaacha kumtazama.

"Na Chérie?" Déborah aliuliza.

Félicité alikoroga bukari iliyokwisha kuiva. Chérie alikuwa bintiye wa mwisho, na mimba yake ilikuwa imetimia.

"Uchungu ilianza Ijumaa," alisema. "Inakuja, inafika karibu, inasimama."

Déborah aliacha kupepea. Sasa alijua, na moyo wake ulimwenda mbio kwa hasira, kwa sababu hili alilisema mapema na hakusikilizwa.

Ofisi ya Mradi wa Makao Mapya, kule Rugenge, ilikuwa imempa kazi ya kuandika programu ya kuwahamisha watu wa kambi. Aliiandika kwa JavaScript, lugha aliyojifunza mwenyewe kwa video za Kifaransa na simu iliyopasuka kioo. Familia zote alizipanga katika safu moja. Kwa kila familia aliandika function ya async, yaani kazi ndogo inayojua kungoja: inatuma ombi kule mlimani kwenye nyumba mpya, kisha inakaa hadi familia ishike ufunguo na kuweka kidole gumba kwenye simu ya fundi wa mradi. Hapo tu ndipo kazi hiyo inakwisha. Kosa lake ni kwamba safu aliipitia kwa forEach, na forEach haina tabia ya kumngoja mtu. Ni kama mama anayewatuma watoto wote bombani, na kabla hata wa kwanza hajarudi anawaambia majirani kwamba pipa limejaa. Ijumaa forEach iliwatuma wote, na hapohapo mstari uliofuata ukaandika kwenye skrini kubwa ya ofisi: TUMEMALIZA.

Déborah aliliona kosa palepale. "Chef, hii iko erreur," alimwambia mkuu wa mradi, Chef Donatien. "Hakuna hata muntu mumoja amehama. Machini haikungoja."

Chef Donatien alikuwa amekwisha kuipiga picha ile skrini. "Iko inaandika muzuri sana," alisema. "Wageni ba kutoa pesa banakuja Alhamisi. Usiiguse." Jioni hiyo akaenda redioni, akasoma neno lile kwa sauti, na mji mzima ukasikia kwamba kambi imekwisha. Mtu akishatangazwa kuwa amemalizwa, hakuna cha kwake kinachoweza kumalizika tena. Watu wa kambi walilielewa hilo kabla ya wahandisi wa ofisi, kwa kuwa ndio waliokuwa na njaa.

Déborah alitia kompyuta kwenye mfuko, akamfuata shangazi yake hadi kambini. Chérie alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, midomo imemkauka. Kila uchungu ulipopanda alishika mti wa hema, akangoja ukatike, na haukukatika. Ulibaki pale juu mpaka mwingine ukaja kuupanda. Mkunga Mapendo alikuwa ameketi karibu naye na mikono misafi.

"Mutoto iko salama, anangoja tu," Mapendo alisema. "Mutoto anaweza kungoja. Mama yake hataweza."

Déborah alikaa chini, akafungua kompyuta mapajani. Alijua njia mbili za kufanya programu ingoje. Ya kwanza ilikuwa for...of yenye await, yaani ngoja, ndani yake: familia moja inaanza, inangojwa hadi ipate ufunguo, kisha inayofuata. Njia hiyo ilikuwa na utamu wake. Angemweka Chérie mwanzoni mwa safu, na nani angemlaumu?

"Shangazi, naweza kumuweka Chérie wa kwanza," alisema. "Bengine bangoje nyuma yake."

Félicité alimlowesha binti yake midomo kwa pembe ya kikwembe. Yeyote aliyewahi kuwa mama anajua alichokuwa anakitaka.

"Mulongo gani huyo wa mumoja nyuma ya mwingine unatufanyia?" alisema. "Tulibebwa na maji pamoja. Utaandika jina la Protais nyuma ya nani, yeye na ile chafya yake? Weka bote."

Basi Déborah aliifuta forEach na kuweka map, inayowatuma wote kwa mara moja na kukusanya ahadi ya kila mmoja. Ahadi zote akazikabidhi kwa Promise.all, na mbele yake akaandika await, ili ule mstari wa mwisho usitamke kitu mpaka mtu wa mwisho wa kambi ashike ufunguo wake. Akahifadhi, akaituma Rugenge kwa mtandao wa simu.

Kule Rugenge neno lilifutika kwenye skrini, na kwenye picha za Chef Donatien, na kwenye bango la Alhamisi lililokuwa bado kwa mchoraji. Kambini sufuria zilianza kuchemka, moja baada ya nyingine, hadi mvuke ukatanda kati ya mahema. Mzee Protais alipiga chafya, akajifuta, akaomba maji ya kunywa. Amina za Jumapili zilitoka vinywani mwa watu waliokuwa wanamenya muhogo. Chérie alipiga kelele na mtoto akatoka, wa kike, mwenye hasira. Déborah alilia waziwazi, kompyuta ikiwa bado mapajani, na Mapendo akamwomba asogee kidogo kwa sababu alikuwa amekalia kanga ya kumfunikia mtoto.

Chef Donatien alimwita ofisini keshoye.

"Rudisha," alisema.

"Sirudishe, Chef."

"Nyumba kule mulimani hazina mapaa, hakuna muntu atapata ufunguo. Unajua mabati ilienda wapi?"

"Weye ndiye unajua."

Chef alivuta kiti chake karibu na meza. Alikuwa amesoma kidogo usiku, au alikuwa amesomewa. "Banasema kuna ingine, Promise.race. Ile inangoja mumoja tu, ule anafika wa kwanza. Tunapatia familia moja ufunguo, tunapiga picha, machini inasema tumemaliza. Uongo iko wapi hapo?"

"Uongo iko kwa bale bengine bote," Déborah alisema. "Na password ninayo minye."

Chef alimfukuza kazi. Déborah aliondoka na chaja yake na kikombe chake, na kila aliyemwona akitoka alidhani amepandishwa cheo, kwa jinsi alivyotembea.

Alhamisi wageni walifika kambini kwa magari meupe. Jukwaa lilijengwa, viti vya plastiki vikapangwa, watoto wakaimba. Chef Donatien alipanda jukwaani na suti yake ya bluu, akashukuru serikali, akashukuru wageni, akamshukuru Mungu. Kisha akasema, "Kuhusu watu hawa, ninayo furaha kuwatangazia kwamba tume—" na hapo akabaki, mdomo wazi, mkono mmoja juu.

Wageni walingoja. Mmoja aliandika kitu. Baada ya muda waliuliza kwa heshima kama hotuba itaendelea, na Félicité, aliyekuwa mstari wa mbele na mjukuu wake mgongoni, akawajibu kwamba itaendelea, ila inawangoja watu wote wapate nyumba kwanza. Wageni walisema wameelewa. Wakala samaki, wakapanda magari yao. Barua yao ilifika wiki chache baadaye, ikisifu subira ya wakazi, na bila bati hata moja.

Chef bado yuko jukwaani. Mke wake humletea uji na kumnywesha kwa kijiko, na masika yalipoanza watu wa kambi walimfunika kwa turubai, ingawa maturubai yenyewe hayatoshi. Ofisi imepata mkuu mwingine. Huyo naye alikwenda Kilibula na pikipiki, akakaa kwenye kigoda cha Déborah, akambembeleza aiondoe await, walau kwa siku moja. Déborah alimpa chai na hakumpa kitu kingine.

Kila asubuhi, akienda kuteka maji, Félicité anapita chini ya jukwaa, anatua bidoni yake na kuinua uso.

"Chef, tumemaliza?" anauliza.

Anampa nafasi ya kujibu, kwa heshima yote, kisha anabeba bidoni yake na kwenda kupanga foleni.