Kikapu cha Tatu

Haya nimeyapata kwa mdogo wangu, mpiga pasi wa hospitali, Jumapili iliyopita mchana, miguu yake ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Imevimba kwa kusimama. Nayaandika kama alivyoyasema, ila matusi nimeyapunguza.

Kule chumba cha kufulia wana desturi yao. Mwenzao akirudi kazini na mtoto bado mchanga, saa ya mchana wenziwe humlaza mama huyo nusu saa ndani ya kikapu kikubwa cha mashuka makavu, kile cha tatu nyuma ya mashine ya kukaushia. Wanamfunika, wanagawana kazi yake. Msimamizi akionekana, mwenye zamu mlangoni anakohoa mara mbili.

Sasa mdogo wangu amepanga nyumba moja na Mwandishi, ukuta kwa ukuta. Mtu mpole, maswali hayamwishi. Siku moja mdogo wangu akamhadithia habari za kikapu, wakacheka mpaka machozi. Mwandishi hakuishia hapo. Alikitia kwenye riwaya yake, ile ya kudai kina mama wapewe miezi sita ya kukaa na watoto wao. Kila mkutano alisema, "Humu sikubuni neno. Watu wakiona, sheria itabadilika."

Mdogo wangu naye kichwa kikamvimba: kikapu chetu kimo kitabuni!

Jumatano msimamizi akaingia, kitabu kwapani, ukurasa umekunjwa. Hakuna aliyekohoa. Alikwenda moja kwa moja kikapu cha tatu, akafunua shuka.

"Amka, mama. Umeandikwa."

Mzazi akatoka, shavu lina alama za mikunjo. Alifukuzwa palepale. Hata aproni aliivulia mlangoni.

Mdogo wangu aliacha pasi, akakimbia kumleta Mwandishi ofisini.

"Ooh, karibu!" msimamizi akasimama. "Kitabu chako nimekisoma mara mbili. Yule mama wa kikapuni kaniliza, wallahi."

"Basi mrudishe kazini."

"Aah, yule ni wa kitabuni. Huyu wangu kalala kazini."

Mwandishi akageuza maneno. "Bwana, ile hadithi tu. Nimebuni."

"Na kikapu cha tatu umekibuni?"

Msimamizi akamsogezea kitabu na kalamu. "Nitilie sahihi. Mke wangu atafurahi."

Akatia. Alidhani labda itasaidia.

Kwa mzazi walimkuta kakaa kitandani, mtoto analia, na maziwa yamemlowesha gauni.

"Nisamehe, dada," Mwandishi akasema, akamsimulia yote ya ofisini hadi ile sahihi. "Nilitaka wakuone."

"Si wameniona?"

"Nitauondoa ukurasa ule, kitabu kikichapwa tena."

"Uache. Ongeza na wa leo. Uandike na sahihi uliyomtilia." Akampa mtoto. "Shika kwanza. Mkono chini ya kichwa, kaka, si tikiti hilo. Ile nusu saa yangu sikuimaliza."

Akageukia ukuta, akalala. Mwandishi alizunguka na mtoto chumbani, hatua tatu kwenda, tatu kurudi, hadi mtoto naye akanyamaza, akasinzia. Hakuthubutu kukaa.

Vile vikapu vimeondolewa. Wameletewa vifupi, paka haenei.

Nilidhani hadithi imeisha. Nikamwongezea maji ya moto kwenye beseni, lakini mdogo wangu hakuinua uso.

"Dada, tangu Jumatano sipati usingizi. Zamu ya kukohoa ilikuwa yangu."

"Hukumwona msimamizi?"

"Nilimwona. Nilimwona na kitabu, nikafurahi. Nikajua kaja kutupongeza. Nikamfungulia mlango, dada. Kwa mikono miwili."

Nilimtoa miguu majini, nikamfuta, nikamlaza kwenye mkeka na kumfunika shuka. Kila mlango ulipolia alishtuka.

"Lala," nikamwambia. Nikasogeza kigoda mlangoni, nikakaa. "Leo zamu yangu."

Akalala.