Maneno Aliyoyapunguza Leah

Kwa Wanyiha wa wakati ule, mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni, hakulitaja jina lake, wala hakukaa naye chini ya paa moja. Likiwapo la kuambiana, mke alilipokea huku akalifikisha kule. Si desturi mbaya hiyo, imezuia ugomvi mwingi. Ila wazee walioiweka hawakuwa na mashine ya kusaga.

Mama yake Leah alikuwa nayo. Nesta, mjane wa mkulima wa kahawa, aliinunua mwaka 1951, akaijengea banda la matofali na bati pale Mlowo kando ya barabara kuu. Fundi wake akawa mkwewe, Fanueli, mume wa Leah, aliyekuwa ameshika spana miaka sita migodini Rodesia ya Kaskazini. Kila alfajiri Fanueli aliingia bandani, akapangusa, akatia oili, akawasha injini. Nesta alipofika alikohoa mlango wa mbele, na Fanueli akatoka upesi kwa mlango wa nyuma, akaenda kwenye kibanda chake cha kutengenezea baiskeli, pembeni mwa banda. Huko alishinda akiisikiliza injini kupitia ukutani kama mzazi amsikilizavyo mtoto mwenye kifua.

Miaka mitatu ilikwenda hivyo. Mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu ulikatika mara mbili, na mara zote mbili Nesta alisema ushonwe kwa ngozi ya ng'ombe, mpya utanunuliwa mwakani. Mwakani ikafika, ikapita, mkanda ni uleule.

Mwezi wa sita mwaka 1954, mahindi ya watu yakiwa yamekauka na foleni imefika barabarani, Fanueli alimwita mkewe kibandani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo Leah alijua kuna jambo.

"Mwambie mama hivi. Kuna kidude kinaitwa gavana, ndicho kinachoizuia injini isikimbie kupita kiasi. Springi yake imechoka, nimeifunga kwa waya tu. Mkanda ule ukikatika wakati kinu kinasaga, injini itabaki haina mzigo, itakimbia mpaka gurudumu la chuma lipasuke. Litaua mtu. Tusimamishe kazi mpaka springi na mkanda vije kutoka Ndola, kule Rodesia."

"Litaua mtu," Leah alirudia.

"Mwambie vivyo hivyo. Usipunguze."

Kutoka kibandani mpaka mlango wa mbele zilikuwa hatua ishirini tu. Leah alizitembea na maneno ya mumewe yakawa yanapungua njiani. Angemwambiaje mama yake mzazi kwamba kitu chake kitaua? Kumtajia mtu mzima kifo ndani ya nyumba yake ni kumwitia. Halafu mama alikuwa mkali. Angesema mkwe ameichoka kazi, anatafuta pa kulala. Leah aliwapenda wote wawili, na alitaka jioni watu wale ugali kwa amani.

"Mama, mkweo anaomba mashine ipumzike siku chache. Kuna springi imechoka."

Nesta alikuwa anapima mahindi ya mtu kwa debe. "Ipumzike? Inakula dizeli kila siku, haijalala njaa hata mara moja. Watu wametoka Ibaba na mizigo kichwani, niwaambie mashine imelala?" Kisha akaliweka debe chini, akamtazama binti yake vizuri. "Ipo hatari?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema.

"Ndogo ndogo tu, mama. Kama za mashine zote."

"Basi mwambie avumilie mpaka mahindi ya watu yaishe."

Waswahili husema mjumbe hauawi. Hawakusema kama mjumbe naye anaweza kuua. Wiki ya pili Fanueli alimtuma tena, na ya tatu pia, na kila mara Leah alipeleka nusu akarudi na jibu zima.

"Umemwambia litaua?" Fanueli aliuliza.

"Nimemwambia."

"Na bado anasimama pale kando ya gurudumu?" Alitikisa kichwa. "Mama ana moyo wa chuma." Akarudi kuongeza waya juu ya waya, na Leah usiku hakupata usingizi mzuri.

Alhamisi moja, jua likiwa utosini, Leah alikuwa mlango wa mbele akipanga madebe ya foleni. Ndani mama yake alikuwa anakinga unga. Mara sauti ya injini ikabadilika. Kabla hajajua imebadilika vipi, mkanda ulikatika ukachapa ukuta kwa kishindo, kinu kikanyamaza, na injini ikaanza kulia. Ilipanda, ikapanda, ikapita pale ambapo sikio linadhani sauti inaishia. Bati zikatetemeka. Wanawake wa foleni waliacha vikapu wakakimbilia barabarani.

Nesta hakukimbia. Aliifuata injini, akitafuta pa kuizima, akashika chuma hiki akaacha, akashika kile akaacha, gurudumu likizunguka shubiri moja kutoka kiunoni mwake.

"Mama, toka!" Leah alipiga kelele. Hakujisikia hata mwenyewe.

Ndipo Fanueli akatokea mlango wa nyuma, anahema. Alimwona mama mkwe wake, na miguu ikakataa. Leah aliliona jambo hilo kwa macho yake, na mpaka anazeeka hakuweza kulisahau: mumewe, fundi, mtu aliyejua kuliko wote kinachokuja, amesimama kizingitini amegeuzia uso ukutani kwa heshima, akimpungia Leah mkono. Mwambie mama atoke! Mwambie!

Leah akapiga kelele tena. Injini ikazimeza.

Fanueli akaingia. Alimkamata Nesta mabegani, akamvuta, akamsukuma kwa nguvu mpaka akamwangukia Leah mlangoni, wote wawili chini. Kisha akarudi kwenye koki ya dizeli, nyuma ya gurudumu. Aliifunga. Lakini dizeli iliyokwisha kupita kwenye mpira ilitosha bado, na gurudumu lilipasuka kabla haijaisha.

Palipotulia, bati lilikuwa na tundu la kupitisha ng'ombe. Fanueli alitoka anatambaa. Mkono wake wa kushoto, kuanzia kiwiko kwenda chini, haukuwa mkono tena.

Nesta ndiye aliyemfikia kwanza. Alivua kanga yake ya juu, akaifunga juu ya kiwiko, akaikaza kwa meno. Watu wa foleni waligeuza nyuso pembeni kwa aibu, maana mama alikuwa amemshika mkwewe mchana kweupe, anamtazama machoni. Leah alipiga magoti, akakipakata kichwa cha mumewe.

"Mwanangu," Nesta alisema. Halikuwahi kupita neno kati yao tangu harusi. "Kitu kinaua hivi, na wewe hukusema?"

"Nilisema, mama." Fanueli alivuta pumzi. "Wiki tatu nilisema. Nilisema litaua mtu."

"Mimi niliambiwa ipumzike. Nikauliza kama ipo hatari."

Halafu, taratibu, macho yao yakamgeukia Leah. Alitaka kueleza habari za heshima, na habari za amani ya nyumbani, lakini kila neno alilolishika lilikuwa dogo mno, na damu ilikuwa inaendelea kupita kwenye kanga.

Fanueli ndiye aliyeacha kumtazama kwanza, akafumba macho. Nesta akainuka kwenda barabarani kutafuta lori la kumfikisha Mbeya, na kabla hajaondoka aliuchukua mkono wa binti yake akauweka juu ya fundo.

"Shika hapa," alimwambia. "Kaza. Usilegeze hata kidogo."

Leah akakaza.