Kijiko cha Muguka

Mume wangu Njuki ni mtu wa Ishiara, mimi ni Mmeru. Kwa miaka ishirini na mbili tumebishana ni majani yapi ya kutafuna yaliyo bora, miraa yetu au muguka wao. Kwa hivyo binti yetu Kinya aliposema mradi wake wa chuo utapima ni jani lipi linalozuia zaidi asidi kula chuma, nilijua nyumba haitatulia.

"Mwalimu amesema kipimo kisipokuwa cha haki, narudia muhula mzima," Kinya alituonya Ijumaa.

Asidi haiingii jikoni mwangu. Alipanga chupa tatu kwenye banda la kuku lililobaki tupu, kila moja na asidi yake na msumari uliopimwa uzito. Ya kwanza aliiongezea kijiko cha maji, ya pili kijiko cha supu ya miraa, yaani maji yaliyochemshiwa majani yake, ya tatu cha supu ya muguka.

Jumamosi msumari wa kwanza ulikuwa umelika vibaya. Wa miraa ulikuwa na nafuu. Wa muguka uling'aa kama umetoka dukani.

"Mmeona?" Njuki alitunisha kifua. "Ishiara oyee!"

Niliitazama chupa ya muguka. Nyeusi kama chai ya strungi. Nina diploma ya kemia, na macho pia ninayo.

"Baba Kinya, umeongeza vijiko vingapi?"

"Mimi?"

"Hapana, jogoo."

Alikuna shingo. "Vinne tu. Kijiko kimoja ni dharau, Mama Kinya. Kiasi hicho hata mbuzi hajui ameonja."

Kinya aliketi juu ya debe. "Baba! Jumatatu nitamwonyesha mwalimu nini?"

"Usilie, anza upya," nikamwambia. "Pima kijiko kimoja na vijiko vitano, miraa na muguka, na ujaze maji chupa zote zilingane. Babako amekosea mahali pazuri: huenda supu ikizidi, chuma kinapona zaidi. Njuki, lete misumari. Halafu keti mlangoni, mikono mapajani."

Jumapili baada ya kanisa, Kinya alipima. Kweli, vijiko vitano vililinda misumari zaidi kuliko kimoja. Na kati ya miraa na muguka? Sare.

"Mizani hiyo ni mbovu," Njuki alisema.

"Mbovu kabisa," nikamuunga mkono.

Kinya hakuinua kichwa. "Mizani ni nzima. Haya ndiyo matokeo ninayopeleka," alisema, na akaandika: hakuna tofauti.