Maziwa ya Ghorofa ya Tatu

Jumanne asubuhi Najwa alifika ofisini kwake ghorofa ya tatu, akatundika koti, akawasha kompyuta, na maziwa yakaanza kutoka kwenye skrini. Alikinga kikombe cha chai. Kilipojaa, akaenda kuchukua ndoo ya kupigia deki.

Alikuwa mkuu wa IT katika kiwanda cha maziwa mjini Nakuru. Vijana wake waliinua nyaya juu ya meza wakaendelea na kazi. Kufikia adhuhuri maziwa yalikuwa yanateremka ngazi. Najwa akayafuata hadi chini, kwenye mapokezi ya maziwa, mahali ambapo hakuwa amewahi kukanyaga tangu aajiriwe.

Chesang, mkuu wa mapokezi, alichovya kidole akaonja.

"Haya ni ya Mau Narok, madam. Ya huyu mathe hapa. Mfumo wenu uliyakataa asubuhi, tukayamwaga."

Mathe mwenyewe, mama mfugaji aitwaye Mugure, alikuwa ameketi juu ya mtungi mtupu, matope hadi magotini.

"Kwani yalikuwa yameharibika?" Najwa aliuliza.

"Yalikuwa mazuri kabisa. Barabara ilikuwa mbaya, akachelewa. Mfumo unaangalia saa, hauangalii maziwa. Tuliwaandikia, mkanyamaza."

"Wakubwa walituambia tuweke saa," Najwa alisema. "Mambo ya matope hatukuambiwa."

Akaazima gambuti. Kompyuta yake ikateremshwa, ikawekwa kando ya matangi. Chesang alionyesha jinsi maziwa yanavyopimwa, Najwa akaandika. Walibishana, wakanywa chai, wakabishana tena. Jioni mfumo ulikuwa umebadilika: maziwa yangekataliwa yakiwa yameharibika tu.

Kesho yake Mugure alichelewa tena. Chesang akapima. Taa ya kijani ikawaka.

"Leo hamkatai?" Mugure aliuliza, mkono ukiwa bado kwenye kifuniko.

"Mimina, mathe! Mimina yote!"

Alipomimina, wapokezi walipiga makofi, na vijana wa IT wakapiga miluzi kutoka ngazini mpaka walinzi wa getini wakaja kuangalia kuna nini. Mugure akacheka, akashika mikono ya kila mtu, mikono yake ikiwa na maziwa. Ghorofa ya tatu ilikuwa kavu.

Mkurugenzi alishuka kuwapongeza. Kisha akatangaza kwamba amenunua mfumo mwingine, wa malori. Hakuna dereva aliyekuwa ameulizwa.

Najwa na Chesang walitazamana. Wakatoka pamoja, upesi, kumtafuta mkuu wa madereva, kwa sababu dizeli haitoki kwenye zulia la ghorofa ya tatu kwa urahisi.